Koti la Owino, kanzu ya Bombo na usiku wa gala baharini

Tangu niweke zile picha za safari yangu ya meli kwenye status watu hawaniulizi Norway ilikuwaje, wala baridi wala chakula, wanauliza kitu kimoja tu: ile suti ulikodi wapi? Sikukodi. Koti nilinunua Owino, soko la mitumba la Kampala, shilingi 60,000 za Uganda, na usiku wa pili wa gala (usiku wa kuvaa rasmi) sikuvaa suti kabisa, nilivaa kanzu. Acha nieleze yote hapa mara moja maana nimechoka kutuma voice note.

Dada yetu mkubwa ni nesi Uingereza, miaka mingi sasa, na mwaka jana alikuwa anatimiza 50. Badala ya kuja Bombo, nyumbani kwetu Uganda, tuchinje mbuzi kama watu, akasema hapana, nataka kruzi, safari ya meli ya starehe, na mmoja wenu aje kutoka nyumbani, tiketi juu yangu. Bahati ikaniangukia mimi kwa sababu moja tu, pasipoti yangu ndiyo ilikuwa haijaisha. Meli inaondoka Southampton, siku 7, inaenda Norway na kurudi. Visa mbili, ya Uingereza ya kuingia zaidi ya mara moja na ya Schengen, na hiyo hadithi ya visa nitaisimulia siku nyingine hasira zikishapoa.

Sasa wiki kama sita kabla ya safari shemeji akanitumia makaratasi ya kampuni, nasoma, bima, muda wa kupanda, mizigo, alafu katikati hapo naona wameandika usiku 2 kati ya 7 ni rasmi, wanaume wavae taksido (ile suti nyeusi ya jioni yenye kola ya satini) au koti la dina au suti ya rangi nzito na tai. Nikarudia kusoma. Mi nguo yangu ya heshima kubwa ilikuwa suti moja ya kijivu ya harusi ya rafiki, 2016, na tumbo la 2016 si hili la leo banange.

Nikaanza kuuliza. Huku kwetu ukiuliza habari ya kruzi kila mtu ni mtaalamu na hakuna aliyepanda kitu zaidi ya feri ya ziwani ya Kalangala. Mmoja ananiambia bila taksido wanakufungia kabini. Mwingine anasema hizo ni sheria za zamani, vaa jinzi tu. Wote wawili waongo. Nikakaa nikasoma mwenyewe, na ukweli ni kwamba inategemea kampuni. Cunard ndio wakali, hao wenye Queen Mary 2, wao usiku wa gala kuanzia saa 12 jioni wanataka taksido au suti ya rangi nzito na tai, tai ya kawaida au ya kipepeo, na wanasema wazi kwamba vazi rasmi la taifa lako linakubalika na sare rasmi ya jeshi pia. Kumbuka hilo la vazi la taifa, nitalirudia. Carnival wao wamelegeza, shati zuri na suruali ya heshima unapita, koti ukipenda. Norwegian hawalazimishi usiku rasmi kabisa, na Virgin vilevile. Na majina yanabadilika, huyu anaita gala, huyu elegant, huyu anaita usiku wa sherehe, kwa hiyo usiniulize mimi, fungua ukurasa wa kampuni yako mwezi mmoja kabla, soma, alafu ndio uende Owino.

Na hata huko kwa wakali hakuna anayekufungia kabini. Ukikataa kuvaa unakula kule juu kwenye bufee na nguo zako za kawaida hakuna anayekugusa. Ila ukumbi mkubwa wenye vitambaa vyeupe na baadhi ya baa ndio zinafungwa kwako usiku huo. Sasa mtu amelipiwa tiketi na dada yake wa miaka 50, atakula bufee peke yake kweli?

Basi tukaja kwa mzee. Baba yetu alistaafu na usajenti, sisi ni watoto wa kambi, ndio maana naandika Kiswahili na wala siombi radhi kwa wale wanaosema ni lugha ya wezi na askari. Kwa mzee nguo ni pasi na viatu, mengine maneno. Nikamweleza mambo ya taksido, akasikiliza kimya, alafu akasema, "We kijana, ofisa akikagua paredi anaanzia chini. Viatu kwanza." Nikasema sawa mzee. Sikusikia kitu.

Owino nikaenda Jumanne asubuhi kwa sababu ndio siku nisiyokuwa na kazi, na pia asubuhi joto la mle ndani halijaanza kukuua. Kwa wasiojua, makoti ya mivumba (mitumba) yanayokuja pale mengi ni ya Ulaya, maana yake ni sufu nzito ya baridi. Kwa harusi ya Kampala saa nane mchana hiyo ni adhabu, lakini kwa meli inayokwenda Norway, na ndani ya meli AC inapuliza kama wana ugomvi na wewe, ile sufu ndio dawa. Nikapekua kama saa mbili na nusu. Nikalipata moja jeusi, kola yake ina satini inayong'aa, kifungo kimoja, yaani koti la dina lenyewe, mwenye kibanda hajui, ananiambia ni koti la mhudumu wa hoteli. Akaanza na 120,000, nikamwambia si umesema la mhudumu, tukaishia 60.

Hapa nisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza hela. Koti la mivumba angalia bega kwanza. Kiuno fundi atapunguza, mkono atapunguza, urefu wa suruali ni kazi ya dakika 20, lakini bega likianguka nje ya bega lako achana nalo, kulifungua na kulishona upya ni gharama kuliko koti lenyewe na bado litakaa kama umebeba gunia. Pili litoe nje kwenye jua. Mle ndani kila kitu ni cheusi. Nje utaona jeusi lingine limegeuka kahawia kwenye mikunjo, lingine lina ukijani fulani, na taa za meli usiku hazifichi hiyo kitu, utakaa karibu na mzungu mwenye nyeusi ya kweli na wewe utaonekana umevaa nyeusi iliyostaafu. Tatu weka mkono ndani ulinyanyue dhidi ya mwanga uone kama nondo wamekula. Nne nusa kwapa. Usicheke, nusa.

Suruali yake haikuwepo, bila shaka ilishauzwa peke yake. Suruali ya taksido ina mstari wa satini pembeni na haina sehemu za mkanda, watu wanavaa na ukanda mpana wa kitambaa tumboni, huo wanaita kamabandi, neno lenyewe ni la Kiajemi lililopitia India, maofisa wa Kiingereza waliuchukua huko kwa sababu ya joto. Mimi nikanunua suruali nyeusi tu ya sufu, 25,000, fundi mmoja wa Kiyembe akaitoa zile sehemu za mkanda na kushona utepe wa satini pembeni, akanitoza 30,000 na koti kalipunguza kiunoni humo humo. Akaniuliza, ssebo wewe ni mwanamuziki? Nikamwambia ndiyo.

Shati jeupe jipya, hilo usinunue mivumba, kola ya shati la mivumba inasema umri wake. Kipande cha mkono wa shati kionekane kidogo nje ya mkono wa koti, kama upana wa kidole. Na lebo! Jamani lebo ya mkononi. Kampala hii mtu anavaa suti miaka minane na ile lebo imeshonwa mkononi ili tujue ni ya Italia. Inatakiwa itolewe. Ni ya dukani ile, ya muuzaji, kama ile nyuzi ya msalaba inayofunga mpasuo wa nyuma wa koti, nayo ikatwe. Nimemwambia binamu yangu hivyo akakasirika wiki nzima.

Na ukisema huna muda wa taksido, basi suti. Wallahi suti nyeusi, ya bluu nzito au kijivu kizito iliyokukaa mwilini inatosha kwenye karibu kila meli, mle ndani nilihesabu kwa macho wanaume wengi tu wana suti za kawaida na tai na hakuna aliyewaangalia mara mbili. Waliokuwa wanaangaliwa ni wale wenye taksido za kukodi zilizowameza, mabega huku, mikono inafika vidoleni. Mi naamini hivyo kabisa, suti ya 100,000 iliyopita kwa fundi inaipiga taksido ya milioni isiyopita kwa fundi. Watu wanaogopa hili neno taksido bure. Lile koti lenyewe lilianza kama nguo ya kupumzikia, mwaka 1865 mwana wa malkia wa Uingereza, huyo aliyekuja kuwa mfalme Edward wa saba, alimwagiza fundi wake Henry Poole wa London amshonee koti fupi la kulia chakula nyumbani kwa sababu alichoka na makoti ya mikia mirefu. Jina la taksido likaja baadaye kutoka Tuxedo Park, New York, 1886, matajiri wa kule walilivaa klabuni. Yaani leo tunatetemekea pajama la mfalme.

Safari yenyewe. Nguo za usiku rasmi nilibeba mkononi kwenye ndege, sikuziweka kwenye sanduku, kwa sababu sanduku likipotea Entebbe au popote, meli haikusubiri. Na pasi nikabeba. Ndiyo, pasi ndogo ya umeme, mtoto wa sajenti. Southampton sanduku limepita kwenye mashine, jioni halijafika kabini, watu wote wamepata yao mimi bado, naenda kuulizia naambiwa kuna kitu cha hatari ndani. Pasi! Pasi na mashine za mvuke ni marufuku kabini kwenye meli karibu zote, sababu ni moto, moto katikati ya bahari hauna pa kukimbilia. Wakaichukua wakanipa karatasi, nikarudishiwa siku ya kushuka. Meli yetu ilikuwa na chumba cha kufulia chenye pasi zao, foleni yake siku ya gala saa kumi jioni ni kama taxi za Old Park Kampala siku ya Ijumaa. Ukikosa, tundika koti bafuni, fungulia maji moto, funga mlango dakika kumi na tano, mikunjo inalegea yenyewe.

Usiku wa kwanza si rasmi, mara nyingi hawaweki gala siku ya kupanda kwa sababu mizigo ya watu bado inatembea kwenye korido. Kwetu ilikuwa usiku wa pili, siku ambayo meli haifiki popote, bahari tu kila upande. Nikavaa. Tai ya kipepeo nilinunua ya kufunga kwa mkono na nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye kioo wiki mbili, ikakaa upande kidogo, dada akasema usiiguse, ikinyooka sana wanajua ni ya kubandika. Dada mwenyewe amevaa gomesi, gauni la heshima la kwetu, ya hariri rangi ya zambarau, mabega juu, na korido nzima watu wanapisha. Mi niko nyuma yake najiona ofisa.

Sasa viatu. Nilivinunua Owino siku ile ile ya koti, vyeusi vya kufunga kamba, ngozi nzuri, vinang'aa, soli nene kama mpya, 35,000. Mzee kasema viatu kwanza na mi nilivinunua mwisho, nimechoka, sikuvikagua. Kwenye zile ngazi kubwa za katikati ya meli, pale ambapo wapiga picha wanasimama wanakupanga upige picha wakuuzie kwa bei ya mbuzi, nikahisi mguu wa kulia umekuwa mwepesi. Nikaangalia chini. Soli imebaki ngazi ya nyuma, nzima, imelala kama samaki. Hatua inayofuata soli ya kushoto ikaanza kumeguka vipande, unga mweusi kwenye zulia lao jekundu. Kumbe hizi soli za plastiki ya povu, poliyurethani, zikikaa kabatini miaka bila kuvaliwa unyevu wa hewa unazila polepole ndani kwa ndani, nje zinaonekana mpya, siku ukizikanyagia zinasagika kama keki. Kiatu cha mivumba kilichokaa miaka kwenye kabati la Ujerumani, kikapanda kontena, kikakaa Owino, kinakusubiri wewe. Siku hizi navibonyeza soli kwa ukucha na kuikunja mara kumi kabla sijauliza bei, na bora ile ya ngozi au ya mpira iliyoshonwa.

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "We mtoto, si baba alikwambia?" Shemeji, Mungu ampe maisha marefu, alirudi kabini akaniletea vyake vya akiba, yeye namba 10 mimi 8, nikaweka soksi mbili na tishu mbele, nikaingia ukumbini natembea kama bata. Kwenye picha miguu haionekani, nilihakikisha.

Chakula cha usiku ule kilikuwa kizuri, sikumbuki vizuri, nilikuwa nafikiria miguu.

Usiku wa pili wa gala ukaja karibu na mwisho, tukirudi tayari, na hapo sikutaka tena mambo ya kuazima. Nilikuwa nimebeba kanzu. Ile ya kwetu ya Uganda, nyeupe ya maziwa, nakshi ya damu ya mzee shingoni inashuka kifuani, ile unayovaa kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulishwa ukweni, na koti juu yake. Niliibeba kwa ajili ya Ijumaa tu kusema kweli. Lakini nikakumbuka lile la vazi la taifa, na kampuni yetu nayo iliandika hivyo hivyo kwenye karatasi yake, nikashuka mapokezi kuuliza, yule binti akapiga simu, akasema ni sawa kabisa. Nikavaa kanzu, juu lile koti jeusi la dina, viatu vya shemeji (kanzu ndefu, asante Mungu, inafunika hata dhambi), na kofia ya nakshi nikaiacha kabini kwa sababu hapo sikuwa na uhakika na sheria zao za kofia ukumbini.

Watu walivyoniangalia! Si vibaya. Mhudumu wetu Mfilipino akasema na wao kwao wana shati lao rasmi, barong, wanavaa kwenye harusi bila koti na ni heshima kuliko suti, akaniambia amefurahi kuona mtu hajavaa kama wengine. Mzee mmoja wa Kiingereza meza ya pili akaniuliza kwa adabu kama mi ni padri. Nikamwambia hapana, nauza vipuri vya pikipiki Kampala. Akataka kujua kila kitu, nikamweleza kanzu ilikuja Buganda na wafanyabiashara Waarabu kutoka pwani karne ya 19, enzi za mfalme wetu Kabaka Ssuuna, na sasa kwetu huwezi kwenda kuomba mke bila hiyo, hata uwe na Mercedes tatu nje. Akasema hata yeye suti yake si ya kwao, babu yake alikuwa Mskoti na yeye ana sketi ya mistari nyumbani ameiacha kwa aibu. Mke wake akamwambia nilikuambia uilete.

Tahadhari moja kwa wenye kanzu. Usitoke nje kwenye deki. Mi nilitoka kupiga picha machweo, yale ya kaskazini ambayo jua linakataa kuzama, upepo ukaingia chini ya kanzu ukaifanya mwavuli, wazee wa Kijerumani wakapata onyesho bila tiketi. Vaa suruali ndani. Nilikuwa nimevaa, alhamdulillahi, lakini ya pajama.

Mengine madogo. Jioni zisizo za gala shati la kitenge lenye kola linapendeza sana na hakuna anayelalamika, tishati na sendo ndio hapana kwenye ule ukumbi mkubwa. Koti jeupe la dina ni la safari za joto, Caribbean huko, kwa Norway utaonekana umepotea. Kifungo cha chini cha koti la suti hakifungwi kamwe, hata kama tumbo linaomba. Na usiku wa mwisho usipange kuvaa chochote cha maana kwa sababu masanduku yanawekwa nje ya mlango usiku huo huo yachukuliwe, mtu mmoja korido yetu alipaki suruali zake zote akabaki na taulo, tulimsikia asubuhi anapiga simu mapokezi.

Nilipofika Bombo mzee hakuuliza Norway. Aliomba picha, akavaa miwani, akazivuta kubwa moja moja kwa vidole, mpaka akafika ile ya ngazini. Akaangalia chini ya picha, pale ilipokatwa.

"Viatu viko wapi?"

Koti kwa sasa liko kwa binamu, anaoa mwezi ujao. Ameniambia ameishona tena lebo.